Kopo la Nyanjige

Kwandu alikuwa na duka la kurushia watu nyimbo, nyuma ya soko la Bariadi, na katika jambo moja hakuwa na mzaha hata chembe: kumi bora yake. Kila albamu mpya iliyoingia dukani aliipa kopo tupu la maziwa ya unga, akabandika jina la mwimbaji. Mteja akishapata nyimbo kwenye simu au flashi yake, kizibo kimoja cha soda kilidondoshwa koponi. Ijumaa jioni Kwandu alihesabu vizibo, akaandika majina kumi ukutani kwa chaki, na kesho yake saa nne asubuhi mtangazaji wa redio ya pale mjini aliyasoma hewani. Watu waligombana kwa ajili ya orodha ile, lakini hakuna aliyesema ni ya uongo.

Siri yake ilikuwa sheria moja: ndugu wa mwimbaji hahesabiwi. Aliitunga baada ya ukoo mzima kutoka upande wa Itilima kujazana kwenye Fuso na kumpandisha ndugu yao namba moja kwa siku moja. Kwandu alikasirika wiki nzima.

Sasa sheria ilimgeukia mwenyewe. Mama yake, Nyanjige, mkulima wa pamba wa Malampaka, mwenye miaka sitini na moja, alikuwa ametoa albamu: nyimbo nane za palizi, kwa Kisukuma. Tangu usichana wake yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo watu wakilima kwa zamu, na palizi ya Nyanjige ilikuwa inaisha jua bado liko juu. Lakini shemeji yake, Masunga, alimcheka. "Shemeji, sisi tunakushangilia kwa sababu ni wa kwetu. Nani mwingine atakusikiliza?"

Maneno hayo yalimkaa mama wa watu rohoni. Akamwambia binti yake waziwazi, "Nikisomwa redioni, hata mara moja, nitajua mimi ni mwimbaji. Nisiposomwa, siimbi tena."

Kwandu aliitikia tu. Makopo ni yake, chaki ni yake, na mama ni wake.

Jumatano alifika mama mdogo Apolonia na simu kumi na moja za ukoo ndani ya kikapu. Kwandu akazijaza nyimbo zote, moja baada ya nyingine. Apolonia alikuwa analitazama kopo.

"Mbona sisikii vizibo vikilia?"

"Ninyi ni ndugu, mama mdogo. Sheria ndiyo hiyo."

"Sheria! Aliyekunyonyesha unamwekea sheria?" Apolonia akabeba kikapu chake na kuondoka bila kuaga.

Ijumaa jioni Kwandu akahesabu. Wa kumi alikuwa Luhende wa Mkula, vizibo kumi na tisa. Kopo la Nyanjige lilikuwa na kumi na saba. Alirudia kuhesabu, vikawa vilevile. Akachukua vizibo vitatu sakafuni, akavishika juu ya kopo la mama yake. Nani angejua? Alijiona mtoto mbaya kuliko wote wa mkoa wa Simiyu. Kisha akavitupa, akaandika jina la Luhende, na kumpigia mama yake simu ili asije akaumbuliwa na redio.

"Mwadila, mayu," akamsalimu mama yake kwa Kisukuma. "Hujaingia. Umepitwa kwa vizibo viwili."

"Ninavyo vingapi?"

"Kumi na saba."

"Si Apolonia peke yake alileta simu kumi na moja?"

"Hizo sikuzihesabu. Ndugu hata mmoja sikumhesabu."

"Sasa hao kumi na saba ni akina nani?"

"Siwajui, mayu. Wawili ni wavuvi wa Lamadi. Mmoja dereva wa trekta. Kuna mama wa Kalemela, aliusikia wimbo wa pili kwa jirani, akapanda gari asubuhi kuja kuutafuta."

"Mimi Kalemela sijawahi kufika."

"Najua."

"Wala kule hatuna ndugu."

"Hatuna."

Kwandu akasikia mama yake anavuta pumzi, halafu viti vinaburutwa. "Subiri. Masunga yuko hapa, naweka spika. Rudia hao watu, mmoja mmoja, usimruke hata mmoja."

Kwandu akaanza na wavuvi. Alipomaliza wa kumi na saba, Nyanjige alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Wewe Kwandu," akasema, "waambie watu wa studio nakuja Jumatatu. Za mavuno bado sijaziimba."