Vyuma vya Madirisha ya Bi Masufuria

Ukitaka kumuudhi Bi Masufuria, msifie. Mwambie yeye ni nguzo, mwambie bila yeye ukumbi ungekuwa gofu, halafu umtazame anavyokunja uso kama mtu aliyetafuna kidonge. Kila alipofungua mdomo kuomba aondoke, wenzake walimpigia makofi, na makofi hayo yalimfunga kuliko kamba.

Alikuwa mtunza ukumbi wa chama cha watu wa kwao. Ukumbi huo ulijengwa na baba zao zamani, wakati mtaa mzima ulikuwa wao, kuanzia duka la kona hadi kinyozi, na mtu akipiga chafya huku, kule anaombewa afya kwa lugha ya nyumbani. Nyuma kulikuwa na stoo ya masufuria makubwa ya shughuli, viti vya plastiki vilivyopandana hadi darini, na maturubai. Ubavuni mwa stoo kulikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara ya pembeni, ndimo alimoishi. Mtunzaji wa kwanza alikuwa marehemu mumewe. Alipofariki, kazi ikamwangukia mjane na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Baada ya kila harusi na kila msiba alisugua masufuria kwa majivu, akayafudikiza juani yakauke, akamfokea kila aliyerudisha mfuniko usio wa sufuria yake. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na mtu wa kulikumbuka tena.

Kisha watu wa kwao wakaanza kuhama. Hawakufukuzwa na mtu, hilo nalisema mapema nisije nikalisahau. Mmoja alinunua kiwanja nje ya mji, akajenga, akamvuta kaka yake, kaka akamvuta shemeji, shemeji akawavuta wakwe. Nyumba walizoziacha walizipangisha, na walioingia walikuwa watu wa asili nyingine, wenye lugha yao, vicheko vyao na kelele zao za asubuhi. Kinyozi akawa wa hao waliokuja. Duka la kona likawa lao. Na wale waliohama, huku wakipokea kodi kila mwezi bila kuchelewa, wakaanza kusema mtaa umeharibika.

Bi Masufuria hakuona kilichoharibika. Alijifunza salamu za majirani wapya, kisha matusi yao, kisha bei za nyanya, kwa mpangilio huohuo. Na kati yao alipata rafiki, mshonaji mmoja aliyeitwa Mama Pacha, aliyeweka cherehani yake kwenye baraza la ukumbi, chini ya dirisha la chumba cha Bi Masufuria. Walipiga soga kupitia dirishani tangu asubuhi, mmoja akitia uzi sindanoni, mwingine akichambua mchele. Mama Pacha alimwita dada.

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni binti yake. Alikuwa mtoto wake pekee, ameolewa na kijana wa Mwenyekiti wa chama, na wanaishi kwa Mwenyekiti mwenyewe, huko nje ya mji. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu, daktari alikuwa amemkataza kabisa kuinuka kitandani.

"Mama, njoo ukae na mimi," binti alisema kwenye simu. "Ukiwepo hapa sitaogopa."

Basi kikao kilipokaa, Bi Masufuria akasimama. Wajumbe walikuwa wamekuja na magari yao, wamemwacha mtu nje wa kulinda vioo, na wameshamaliza nusu ya kikao wakikumbushana jinsi mtaa huu ulivyokuwa mtamu.

"Nataka niende kwa mwanangu," alisema. "Mtafuteni mtu mwingine wa kukaa hapa."

Mwenyekiti alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. "Mkwe, nyumba yangu ni yako, hata leo karibu. Lakini ukumbi tunamwachia nani?"

Vijana wa chama ghafla wakavutiwa sana na viatu vyao. Mmoja akasema ana mzio wa vumbi. Mwingine akasema yeye angekubali, ila mke wake hawezi kuishi na watu hawa. Hapo Katibu akainama mbele, akashusha sauti.

"Mama, sema ukweli. Wanakusumbua, siyo?"

"Nani?"

"Hao."

"Hakuna anayenisumbua. Nataka kumuuguza mwanangu."

"Mnaona?" Katibu akawageukia wenzake. "Anaogopa hata kusema."

Alikana mara ya pili, akakana mara ya tatu kwa ukali. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Mwisho wakampigia makofi kwa ujasiri wake, wakaingia kwenye magari, wakaondoka.

Wiki iliyofuata gari la mizigo likaleta vyuma. Chama kilikuwa kimeamua kumlinda. Vyuma kwenye dirisha la mbele, vyuma kwenye dirisha la nyuma, na geti la chuma mbele ya mlango wake, lenye kufuli kubwa kama kobe. Na kwa kuwa chama kilipenda kuokoa gharama, kilimchukua fundi wa kuchomelea wa hapohapo mtaani, ambaye alikuwa kaka yake Mama Pacha. Kilibana hela mpaka kikaajiri mmoja wa haohao wa kuogopwa! Mwenyekiti alimsimamia fundi kichwani na kumwelekeza kwa sauti ya juu.

"Kaza hapo, kaza! Wewe huwajui watu wa mtaa huu."

Fundi alivua miwani yake ya kazi, akamtazama, akaivaa tena na kuendelea kuchomelea.

Kesho yake Mama Pacha alihamisha cherehani. Aliibeba na kaka yake hadi ng'ambo ya barabara, akaiweka mbele ya duka, mgongo umeelekea ukumbini. Bi Masufuria alimfuata.

"Mama Pacha, si mimi niliyeagiza."

"Miaka yote hiyo nakuita dada, kumbe ulikuwa unatuogopa," alijibu Mama Pacha, mguu haujatoka kwenye pedali. "Ungesema tu. Tungekuwa tunapita mbali."

Tangu siku hiyo akawa anasalimiwa kwa heshima, na hakuna kitu kinachouma kama heshima ya mtu uliyezoea kutaniana naye. Watoto waliokuwa wakiingia kwake bila hodi walisimama nje ya geti na kuuliza kama wanaruhusiwa. Ndani, chumba kilikuwa na joto na harufu ya rangi mbichi. Akilala aliona vyuma, akiamka aliona vyuma. Alijuta hata kusimama kwenye kile kikao.

Kisha binti yake akapiga simu akilia. Alikuwa ametokwa na damu kidogo. Bi Masufuria hakungoja kikao. Alimpigia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaja mchana uleule, peke yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kufuta jasho.

"Mkwe, na mimi hali ya mtoto inanitisha," alisema. "Lakini nielewe. Nikiufunga ukumbi hivihivi, nitaitwa mwenyekiti aliyeigawa nyumba ya baba zetu. Nipe sababu. Sema tu wamekutenda. Neno moja. Nitawaambia wajumbe maisha yako yalikuwa hatarini, hakuna atakayebisha. Nakupakia kwenye gari sasa hivi, saa hii unamshika mwanao mkono."

"Niseme nani amenitenda?"

"Yeyote. Huyo mshonaji. Kaka yake si anayajua madirisha yote? Tutaripoti polisi kidogo, kwa ajili ya utaratibu tu."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nisikudanganye, lilifika hadi kwenye meno. Alimwona binti yake amelala ameukumbatia mto, na alijua angesema uongo mkubwa kuliko huo, hata mbele ya Mungu, kwa ajili ya mtoto yule. Kisha akamwona fundi akipakiwa nyuma ya gari la polisi na miwani yake ya kazi shingoni. Alimchukia Mwenyekiti kwa kumfanya achague.

"Hawajanitenda kitu," alisema. "Mlionitenda ni ninyi."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mwenyekiti aliinuka, ameumia kweli, akasema basi itabidi ukumbi uendelee kutunzwa, na akatoka.

Vyuma vinazuia watu, havizuii sauti. Kabla vumbi la gari halijatulia, Mama Pacha alikuwa ameshavuka barabara. Alishika geti kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Dada, nimesikia. Nisamehe. Nilikufikiria vibaya."

"Yameisha, Mama Pacha."

"Kesho naleta cherehani yangu. Kaka atavikata hivi vyuma, hatataka hata shilingi." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Ila dada, nakuomba kitu kimoja. Usiondoke. Ukiondoka sasa, watasema ni sisi tumekufukuza. Watu wenu wataamini, polisi watakuja. Ukiwa hapa, hawana la kusema. Niahidi."

Bi Masufuria alimtazama rafiki yake, aliyempata tena dakika hiyohiyo. Alitamani kumpiga kofi, na alitamani kulia begani kwake. Alijua kwamba kila neno la Mama Pacha lilikuwa kweli.

"Siendi popote," alisema.

Simu iliita mkononi mwake. Binti yake, aliyejua Mwenyekiti amekuja ukumbini, alitaka kujua kama wameshatoka, maana ameshaomba watandike kitanda cha pili palepale chumbani kwake.

"Mama? Mko njiani?"

"Lala, mama," Bi Masufuria alisema. "Lalia ubavu wa kushoto, kama daktari alivyosema."