Kilo Nne za Karai

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za boti pale Mokowe, na kwa miaka mingi nilidhani mashine zote hukaa namna moja, yaani hulala. Ndani ya boti injini hulazwa juu ya magogo mawili, yeye akiyaita kitanda, na uzito wake huenda chini ukasaidia hata chombo kutulia. Kwa hiyo siku aliporudi akaniambia kwamba Mwalimu amemwomba amtengenezee mahali pa kufungia injini ya ndege, nilimuuliza, "Kitanda chake kitakuwa cha mti gani?"

Alicheka mpaka akakaa.

"Hailali hiyo," alisema. "Yaning'inia."

Mwalimu ni mtu wa Kililana. Alifundisha ufundi wa chuma hadi alipostaafu, kisha akarudi shambani kwake, akatoa magunia ya simsim katika banda la mabati na kuanza kuunda ndege ya mtu mmoja. Aliiunda kwa mbao, mabomba na kitambaa, na alikuwa nayo mwaka wa sita. Watu walimcheka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Jirani yangu alikuwa akisema, "Ikiruka hiyo, na kuku wangu watahama." Nilikuwa nikicheka naye, kisha napika chai ya chupa ambayo mume wangu alikwenda nayo bandani Ijumaa jioni.

Alinieleza kazi yenyewe jikoni, maana mimi niliishia darasa la sita na maneno ya Mwalimu nilikuwa siyashiki. Alichukua mchi wangu wa kutwangia, akaning'iniza ndoo ndogo mbele na nyingine nyuma, akauweka begani.

"Hii ni nini?"

"Mzega," nilisema. Ndivyo babangu alivyobeba maji Kipungani, mti begani, kidebe huku na kidebe huku.

"Basi ndege ni mzega. Bega ndilo bawa. Mbele injini, nyuma mkia. Sasa kidebe cha mbele kikizidi uzito, babako alifanyaje?"

"Alilisogeza bega mbele."

"Naam. Lakini bega la ndege limeshafungwa, halisogei. Kwa hiyo wasogeza kidebe."

Nilielewa saa ile ile, na mpaka leo sijaelewa kitu kingine cha mashine kwa wepesi kama huo. Injini ikiwa nzito, unaileta karibu na bawa. Ikiwa nyepesi, unaipeleka mbali. Kinachoishika ni fremu ya mabomba manne ya chuma, yanayotoka katika ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya rubani, kama mikono minne inayoshika sinia. Baina ya mabomba na injini hutiwa raba nene, ili mtetemeko usifike kwenye mbao. Urefu wa mabomba hayo ndio ulikuwa swali lote. Mwalimu hakuweza kuukokotoa bila kujua injini ina kilo ngapi.

Injini ilikuwa imetumika. Ilikuja kwa basi kutoka Mombasa ndani ya kasha, na karatasi yake, lakini Mwalimu alisema karatasi zile hutaja injini tupu, bila ekzosi, bila stata, bila oili. Akataka ipimwe na vitu vyake vyote. Mizani iliyokuwa karibu ni ile ya mnunuzi wa samaki gatini, ya kuning'iniza, yenye uso kama saa. Tulikwenda asubuhi, mume wangu, mimi na wapagazi wawili. Mimi nilishika daftari kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

Mwenye mizani alilivua karai la samaki pamoja na minyororo yake akaliweka chini, maana injini haingeenea. Wapagazi wakaifunga injini kwa kamba, wakaitia kwenye ndoana.

Kabla haijapandishwa niliitazama ile sindano. Haikuwa kwenye sifuri. Ilikuwa nyuma ya sifuri kidogo, kama mtu aliyekaa pembeni mwa kiti. Niliiona, nikadhani ni uchakavu, nikanyamaza. Injini ikapanda, sindano ikazunguka, mume wangu akasoma, "Sitini na moja," nami nikaandika 61 kwa mkono wangu.

Kwa namba ile Mwalimu akapiga hesabu zake. Mume wangu akakata mabomba manne, akayashikiza kwa vitone vya kuchomelea ili yakae tu, mpaka fundi wa kuchomelea ndege apatikane. Kazi hiyo aliipenda. Alikuwa akirudi na vumbi la simsim kwenye nyusi, akiniambia habari za raba na boliti, na jinsi ambavyo injini haielekezwi mbele moja kwa moja bali huinamishwa na kugeuzwa kidogo sana, kwa sababu pangaboi inapozunguka huivuta ndege upande. "Ukiitazama utasema fundi ana makengeza," alisema.

Wiki mbili baadaye, baada ya sala ya alfajiri, alisema kifua kinambana. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshafika kwa Mola wake. Sina la kuongeza hapo. Tulizikwa naye nusu, kama wasemavyo, na nusu iliyobaki ikakaa eda.

Eda yangu niliikalia nyumbani kwetu, pamoja na wifi yangu, dada yake marehemu, aliyekuja kunishika mkono. Nilisuka ukili wa mikeka. Nilikuwa sijausuka tangu nilipoolewa na vidole vilikuwa vizito, lakini vikazoea, na siku zikapita kwa urefu wa ukili. Sikuwa na huzuni kila saa, nisiseme uongo. Kulikuwa na nyakati nilizokuwa nimeridhika kabisa, nimekaa, chai iko kando, wifi anasema na watu wa redioni kana kwamba wanamsikia.

Siku ya arubaini na kitu Mwalimu alikuja kutupa pole tena. Hakuingia. Alikaa barazani, nami nilikuwa ndani nyuma ya mlango.

"Bi, nimekuja kukwambia jambo moja la kukufurahisha," alisema. "Fundi wa kuchomelea anakuja Alhamisi. Fremu ya marehemu nitaichomelea vile vile alivyoiacha. Sitaigusa hata kwa ukucha. Kazi ya maiti haitiwi mkono."

Wifi alilia, na mimi nililia. Tukamwombea dua, akaenda zake. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne wifi alirudi sokoni na kipande cha nguru, akicheka peke yake tangu mlangoni.

"Yeo kumekuwa na vita gatini! Minyororo ya karai imekatika, wakampima nguru kwa kumtundika mkia kwenye ndoana. Mvuvi atazama, samaki wake kapungua. Akapiga kelele, 'Jamani, samaki hakondi akishakufa!' Kumbe mizani wameirudisha nyuma, karai likiwapo ndipo yasoma sifuri. Karai na minyororo kilo nne! Mnunuzi ataka kununua bila karai, weye, na sindano iko nyuma ya sifuri watu wote waiona kwa mato yao!"

Niliacha ukili mapajani.

Injini ilitundikwa kwa kamba. Karai lilikuwa chini, karibu na mguu wangu. Sitini na moja haikuwa sitini na moja.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka hapo hapo. Sikuinuka. Nilimpika nguru, nikala, nikasali, nikanyamaza siku nzima. Nilijiambia kwamba mimi sijui ndege. Nilijiambia kwamba kilo nne ni kitu gani, ni mtoto mchanga. Lakini mzega niliujua, nao una alama begani mwa kila aliyeubeba. Na nilijua pia kitu kingine, ambacho ndicho kilichoniuma zaidi. Kwetu tumefundishwa kuwataja wafu wetu kwa wema wao, na barazani, siku za tanga, watu wote walikuwa wameshasema kwamba kazi ya mwisho ya mume wangu ilikuwa kamilifu. Ikiwa ningesema, ningekuwa mtu wa kwanza kuitia doa, nikiwa katika nguo za kumlilia.

Jumatano asubuhi nilimwambia wifi. Nilimwomba aende Kililana na ujumbe.

"Kaka yangu yuko mchangani hata udongo haujakauka, na weye wamtafutia makosa?"

"Simtafutii. Nimeliona kosa tangu siku ile, nikanyamaza. Namba ni ya mkono wangu."

"Basi sema umekosea kuandika. Sema ni weye."

Nakiri niliwaza hivyo kabla yake. Ingekuwa rahisi, ningesema mwanamke wa darasa la sita ameandika vibaya, na jina lake likasalimika. Lakini sikuandika vibaya. Niliandika alichosoma, naye alisoma kilichokuwapo, na mizani ilisema uongo kwa sababu hatukuiuliza.

"Wifi," nilisema, "tukiwa na pishi pungufu dukani twasema ni dhambi. Hii ni mizani vile vile."

"Mimi siendi," alisema, akaingia jikoni na kugonga masufuria yote yaliyokuwamo.

Nikachukua simu yake aliyoiacha juu ya mkeka, nikampigia Mwalimu mwenyewe. Nilimweleza karai, minyororo na sindano.

"Bi, una hakika?"

"Nina hakika na sindano. Kilo sina hakika nazo. Nenda ukaipime."

Alikuwa na mizani ya jukwaa ya kupimia magunia. Aliitoa injini ndani ya kasha, akalisafisha jukwaa, akaiweka. Alinipigia kabla ya adhuhuri.

"Sitini na tano," alisema. Kisha akasema, "Lakini Bi, fremu sitaikata. Nitafunga risasi kidogo kule mkiani, iwe farumi. Mizani itakuwa sawa, na kazi ya marehemu itabaki."

Farumi ni ule uzito wanaoutia wenye vyombo chini ya ngalawa nyepesi ili isiyumbe. Nilijua mume wangu angesema nini juu ya hilo. Alikuwa akiwacheka mabaharia wanaobeba mawe kusahihisha kosa la fundi.

"Mwalimu," nilisema, "babangu kidebe cha mbele kilipozidi hakutia maji zaidi nyuma."

Alicheka taratibu. Alisema mabomba itabidi yafupishwe, yote manne, kiasi cha vidole vinne. Nikasema, "Yafupishe." Nilipogeuka, wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko, amesikia yote.

Kesho yake alivaa buibui bila kuniaga. Nilipomuuliza aendako alisema, "Kililana. Nisipokuwapo wataikata kama mnazi." Akasimama bandani kutwa nzima juu ya kichwa cha fundi wa watu, akimuuliza kila bomba amepima mara ngapi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuwa na msimamizi mkali kama yule. Jioni aliporudi alifungua leso mbele yangu. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya bomba, vifupi, vimeng'aa mdomoni palipokatwa.

"Haya," alisema, "makosa ya mumeo. Yaweke."

Tulitazamana, tukacheka. Tulicheka vibaya, mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna habari.

Wako watu ambao baadaye walinisifu, wakasema niliokoa maisha ya Mwalimu. Nawakatiza. Ndege ikishakwisha hupimwa yote nzima, mizani tatu chini ya magurudumu matatu, na kosa lile lingejitokeza hapo. Mwalimu mwenyewe alinieleza, na akaongeza kwa haya kwamba angelificha kwa risasi, asingeniambia kamwe. Kwa hiyo sikuokoa maisha. Nilichozuia ni kwamba mimi na yeye tungekuwa tukipishana njiani miaka yote, kila mmoja akijua kitu na kumfichia mwenziwe kwa heshima.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa leso ya rangi, na nikaenda Kililana kwa mara ya kwanza. Ndiyo siku waliyoipima ndege. Magunia ya simsim yalikaa kitini badala ya Mwalimu, yakafungwa mkanda. Aliangusha timazi kutoka ukingo wa bawa, akachora mstari wa chaki sakafuni, akapima kutoka mstari ule hadi kila gurudumu, akakaa na karatasi yake akipiga hesabu. Kisha akanionyesha namba ambayo sikuielewa, na kidole chake kikiwa katikati ya alama mbili.

"Bega liko hapa," alisema. "Katikati kabisa."

Niliitazama injini. Ilikuwa imening'inia kwenye mikono yake minne mifupi, imegeuka kidogo, ina makengeza.

Wakaguzi wa ndege walikuja wakaondoka, wakaja tena. Nilikuwa shambani asubuhi iliporuka, mimi na wifi na nusu ya Kililana, na yule jirani yangu wa kuku. Ilikimbia kwenye ardhi iliyosafishwa, ikainuka bila kuinua shingo sana wala kuinamisha, ikaenda ikazunguka mbali juu ya mashamba. Iliporudi ilipita juu yetu chini chini, imenyooka, na ndani yake Mwalimu alikuwa akitupungia. Kwa mikono miwili.

"Ala!" wifi alipiga kelele. "Mzee yule ashike usukani, atatuangukia!"

Mume wangu alikuwa ameniambia jikoni, na mchi begani, kwamba mzega uliokaa sawa waweza kuuachia mikono na ukatembea. Babangu alikuwa akifanya hivyo, akija njiani anakula muwa.

"Muache," nilimwambia wifi. "Yuko sawa."

Vile vipande vinne vya bomba ninavyo. Mkeka mpya hujikunja pembe, nami huviweka kimoja kila pembe mpaka ulale.