Kwanza Sema Alichosema Mwenzako

Wanafunzi walimwita Mwenyekiti, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mhasibu wa shule tu. Alifundisha jiografia sekondari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye baraza la mataifa la kuigiza, lililokutana maabara kila Ijumaa baada ya masomo. Hapo mtoto wa kidato cha pili aliwakilisha nchi asiyoijua hata kwenye ramani, akaigombea bandari utadhani ni ya babu yake. Wapo walimu waliosema ni mchezo wa kupoteza wakati. Waache waseme. Watoto waliozoea kumaliza ugomvi kwa ngumi walijifunza hapo kuumaliza kwa maneno, na hilo si jambo dogo.

Baraza lilikuwa na sheria moja aliyoitunga mwenyewe: hujibu hoja mpaka urudie alichosema mwenzako, naye akiri, "Ndivyo nilivyosema."

Lakini mganga hajigangi. Mke wake alipofariki walibaki yeye na binti yao, na siku binti alipoanza kusema yaliyomkaa moyoni, baba alimkatiza. Binti akafunga mizigo yake. Sasa nyumba nzima ilikuwa na sahani moja ya kuosha, na redio ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Upweke ulimtafuna, lakini alijiambia mtoto ndiye mwenye kosa, atapiga simu mwenyewe.

Ijumaa moja nchi isiyo na bahari ilikuwa ikimwomba jirani njia ya kupitishia mizigo. Msichana aliyewakilisha jirani akasimama na kuanza kukataa. Mwenyekiti akagonga meza, akamkumbusha sheria.

"Sijui alichosema, mwalimu," msichana akakiri. "Nilikuwa nangoja amalize tu."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alifunga kikao mapema, eti kichwa kinamuuma, akaenda zake nyumbani.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, akijaribu kukumbuka maneno ya binti yake. Ya kwake aliyakumbuka yote, hadi nukta na mkato. Ya binti yalimjia kwa shida, moja moja, na kila lililokuja lilichoma. Akapiga. Simu iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Usikate, mwanangu. Ulisema tangu mama yako afe nyumba hii ina mwenyekiti, haina baba. Ulisema nawe umefiwa, na hakuna aliyekuuliza unaendeleaje. Ndivyo ulivyosema?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Ndivyo nilivyosema."

Kwa sheria yake mwenyewe, sasa ilikuwa zamu yake kujibu. Alitafuta hoja, yeye aliyefundisha watoto wa watu miaka nenda miaka rudi namna ya kutafuta hoja, na hakupata hata moja.

"Baba? Upo?"

"Nipo," alisema. "Siku ile hukumaliza. Malizia, mwanangu."