Alama Nyeupe ya Ezra Hepworth

Kanuni ya mtu wa pampu katika shimo letu ilikuwa moja: maji yakifika alama nyeupe, pampu haizimwi, hata aombe nani. Alama hiyo aliipaka Ezra Hepworth mwenyewe kwa chokaa, ukutani, kwa kimo alichoonyeshwa na fundi wa umeme, pale njia ya chini inapobonyea kabla ya kupanda tena kuelekea kwenye makaa. Miaka yote aliyolinda pampu ya umeme hakuwahi kuruhusu maji yaifunike. Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu, tena kwa makusudi.

Ezra alianza kazi zama za mvuke. Umeme ulipoingia migodi yetu ya Yorkshire, wengi wa rika lake waliondoka wakisema hawawezi kutumikia kitu wasichokiona. Yeye alibaki. Alijifunza swichi, akajifunza kuisikiliza mota ya pampu, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani pamoja na mdogo wake, Amos, aliyekuwa akisimika magogo ya kuzuia dari mbele ya mashine ya kukatia makaa.

Mashine hiyo ilikuwa na gurudumu la meno lililolala ubavu na kula tabaka la makaa kutoka chini. Mwendeshaji wake alikuwa Jabez Thewlis. Kabla ya kuiwasha alipaswa kupaza sauti mara tatu, kisha angoje jibu la aliye mbele. Siku moja hakupaza hata mara moja. Gurudumu lilimkuta Amos amepiga magoti, akafa kabla hajafikishwa juu.

Kwenye uchunguzi Jabez alishika Biblia akasema ameita mara tatu na Amos akajibu. "Labda alikuwa na mawazo yake, maskini," akaongeza. Mwenye mgodi hakutaka mashine yake mpya ipate jina baya. Ikaamuliwa kwamba Amos ameuawa na uzembe wake mwenyewe.

Keziah, mjane wa Amos, alimshika Ezra mkono mlangoni. "Shemeji, kufiwa nimekubali. Lakini wanangu kuitwa watoto wa mzembe, hilo hapana."

"Litafutwa," Ezra alimjibu. "Tena kwa mdomo wake huyo huyo."

Tangu siku hiyo alimtumikia aliyemuua ndugu yake. Jenereta iliyokuwa juu haikuwa na nguvu ya kuendesha pampu na mashine kwa pamoja. Jabez alipotaka kukata, alivuta waya wa kengele na Ezra akaizima pampu. Alipomaliza, alivuta tena, pampu ikaanza. Kando ya waya huo palipita bomba la kusemea, na Jabez hakukosa neno la kupitisha humo.

"We mlinzi wa beseni! Zima hilo beseni lako, wanaume tufanye kazi!"

"Nimezima."

"Na usilale, mzee. Usije ukazama kwenye chai yako."

Ezra alikula mkate wake na mafuta ya nyama kimya kimya, swichi ikiwa karibu na goti lake, kituoni pake upande wa njia wa kutokea nje. Aliombewa kanisani apate moyo wa kusamehe, naye aliitikia amina pamoja na wengine. Sitamtetea. Mtu anayeitikia amina huku anapima kina cha maji kichwani mwake amekwisha kuamua.

Ikaja juma la mvua nyingi, na maji ya mashimo ya zamani yakaanza kuvuja kwa nguvu kwenye lile bonde la njia. Jabez alipiga kengele. Maji yalikuwa tayari yanagusa alama nyeupe. Ezra aliyatazama, akaizima pampu.

Alingoja mpaka Lister, msaidizi wa Jabez, alipopita akielekea juu kunoa meno ya akiba ya mashine.

"Mzee Ezra, maji yamenifika magotini huko!"

"Nimeyaona. Nenda zako."

Huko mbele Jabez alikuwa amelala kifudifudi kando ya mashine, maana tabaka letu la makaa ni jembamba, mtu hawezi kusimama, na mngurumo ulimziba masikio. Ezra aliyaacha maji yapande mpaka yakagusa dari pale kwenye bonde na kufunga njia. Ndipo alipokata umeme wa mashine, ambao nao ulipitia kwenye swichi zake. Alingoja sauti kwenye bomba, na haikuchelewa.

"Umeme umekwenda! We Ezra, unafanya nini?"

"Geuka nyuma yako utazame."

Punde sauti ikarudi, imebadilika. "Ezra. Njia imejaa. Washa pampu."

"Uliita mara ngapi siku ya Amos?"

"Mambo gani hayo sasa? Washa pampu, bwana!"

"Beseni langu linajaa, Jabez. Uliita mara ngapi?"

Jabez alitukana, akamtaja mama yake Ezra, akalia, akatukana tena. Ezra aliweka sikio kwenye bomba na kungoja. Baadaye alikiri mahakamani kwamba hajawahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile.

"Sikuita!" Jabez alisema mwishowe. "Sikuita hata mara moja! Nilikuwa na haraka. Umeridhika?"

"Utayasema haya Jumapili, kanisani, mbele ya Keziah?"

"Nitayasema! Mbele ya Mungu, nitayasema! Ndugu yangu Ezra, hewa nzito huku."

Ezra alikuwa amepata alichokitaka. Hakukusudia kuua; alikusudia kutisha, apate neno, kisha ayavute maji. Pampu yake ya mvuke ya zamani iliweza kusukuma hata ikiwa imezama yote. Alikwisha kuiona ikifanya hivyo mara nyingi. Fundi wa umeme alipomwambia mota isilowane, aliichukulia kama amri ya usafi. Kwake alama nyeupe ilikuwa ya kulinda njia ya watu. Kumbe iliwekwa kulinda mota, na mota ilikuwa imelala chini ya maji kule bondeni.

Aliibana swichi. Cheche zikaruka, kukanuka mpira ulioungua, lakini pampu haikuanza. Aliibana tena na tena.

"Mbona haisikiki?" bomba likauliza. "Ezra? Nimeshasema, bwana. Nimeshasema!"

Lister na wenzake walimkuta Ezra ndani ya maji mpaka kifuani, akiivuta kebo kwa mikono mitupu. Ikabidi itafutwe pampu ya mvuke iliyotupwa nyuma ya karakana. Maji yalipokwisha, Jabez alikutwa ameketi juu ya mashine yake, mdomo karibu na bomba. Hakuzama. Hewa ndiyo iliyomwishia.

Mahakamani Ezra alisimulia yote bila kujificha, pamoja na maneno ya Jabez.

"Nani mwingine aliyasikia?" jaji aliuliza.

"Mimi peke yangu."

"Mtu anayeombea roho yake husema lolote aambiwalo," jaji akasema, wala hakuyatia maanani.

Keziah alikwenda kumwona gerezani mara moja. "Mtu mmoja tu duniani angeweza kumsafisha mume wangu," alimwambia. "Nawe umemmaliza, shemeji."

Jabez Thewlis alikufa, Ezra Hepworth akafia kifungoni, na katika kumbukumbu za mgodi Amos bado ameandikwa kuwa alikufa kwa uzembe wake.