Funda la Kwanza

Kugombezwa Marsela alikuzoea. Kilichomuuma ni neno lenyewe, na mahali liliposemwa: nyuma ya jiko la kambi ya watalii, asubuhi kweupe, mbele ya wapishi, wafua nguo, madereva, na mlinzi wa getini ambaye ni jirani yake kule Magamba.

"Huyu mama," meneja Sylvanus alisema akimnyooshea kidole, "jana ameiba waini ya mgeni. Tena mezani, mgeni anamtazama! Nimefanya kazi hoteli nyingi, mwizi wa aina hii sijamwona."

Watu wakacheka. Hata yeye angecheka, kama angesimuliwa habari za mtu mwingine.

Mwizi. Yeye, binti wa Gaudensia wa milima ya Mwese, aliyekuwa akipika wanzuki, ile pombe ya asali, mpaka watu wakashuka vilima viwili kwa miguu kuifuata. Kwao pombe haikabidhiwi hivi hivi. Anayeileta ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya macho ya atakayepewa. Anameza, anatulia kidogo watu wamwone mzima, ndipo anapitisha kibuyu. Asipofanya hivyo, pombe inarudi naye nyumbani na hakuna atakayemlaumu aliyeikataa. Posa zilipokwenda kwa wakwe, Marsela ndiye aliyetumwa na kibuyu tangu akiwa msichana, kwa sababu kazi hiyo hapewi mtu anayesemwa vibaya. Ukionja unawaambia watu: kama humu mna ubaya, uanze na mimi.

Sasa kwa funda hilo hilo akaitwa mwizi.

Kambini alikuja kufua mashuka. Akahamishiwa mezani kwa sababu mikono yake haitetemeki na hasahau aliyeagiza nini. Msimu huu kambi ilipoleta shehena ya mvinyo, Kelvin, kijana wa Kibaoni, mkoa huu huu, aliyesomea hoteli Arusha, akapewa kazi ya kuwafundisha wahudumu. Mchana, wageni wakiwa porini, aliwapanga mezani na glasi zenye miguu mirefu.

"Kwanza angalia rangi. Halafu zungusha. Halafu ingiza pua."

"Niingize pua kwenye kinywaji cha mtu?" Marsela aliuliza.

"Ni chako mama, cha kujifunzia."

"Haya. Pua imeingia."

"Unapata nini?"

Kelvin mwenyewe alikuwa akipata plamu na cheri. Walipombana aseme matunda hayo alikula wapi, akakiri kwamba cheri aliiona juu ya keki ya harusi, na plamu bado. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mvinyo mwekundu wa kwanza ulimkausha Marsela ulimi kama aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Akajiuliza watu wenye akili zao wanalipia nini. Lakini Kelvin alikuwa mwalimu mzuri, hilo hakumnyima hata baadaye. Alimwambia asikimbilie kumeza, auache ulegee mdomoni, asikilize unavyoanza na unavyoishia. Siku moja akausikia: moshi kwa mbali, kama wa asali iliyorinwa na mtu mwenye haraka aliyezidisha mwenge mzingani. Chupa nyingine ikampa harufu ya udongo wa kwanza kupigwa na mvua. Akashangaa kwamba kitu kilichotengenezwa na watu asiowajua kinaweza kumkumbusha mambo yake mwenyewe. Akaanza kuupenda, si kwa kulewa, bali kwa kule kutulia unakomtaka mtu atulie.

"Sasa tema," Kelvin alisema.

"Niteme?"

"Kwenye ndoo hiyo. Ndivyo wanavyofanya."

"Kelvin mwanangu, mtu amelima, amekamua, amesubiri miaka, halafu mimi niteme kwenye ndoo?"

Akameza. Kelvin akatikisa kichwa akicheka.

Somo la mwisho lilikuwa kumimina. Mgeni anamiminiwa kidogo, anaonja, akikubali unamjazia. "Na mimi niliyeileta?" Marsela aliuliza. "Wewe unasimama tu," Kelvin akajibu. Marsela hakuona ajabu. Alidhani amerukiwa kipande ambacho kila mtu anakijua, kama vile mwalimu wa mapishi asivyokuambia unawe mikono.

Jioni ya kuamkia siku ile ya kugombezwa, mezani alikaa bibi mmoja wa Kizungu na mumewe. Tumbo lilikuwa limemsumbua bibi safari nzima, dereva wao alikwisha kusema. Marsela alipofungua chupa, bibi aliitazama, akamtazama yeye, akashika tumbo, na macho yake yakauliza bila neno. Swali lile Marsela alilijua tangu utotoni. Akachukua glasi safi, akajimiminia kiasi cha kidole, akanywa, akameza, akasimama wima mbele yake. Kisha akammiminia. Bibi akacheka polepole, akaweka mkono kifuani, akanywa. Mlangoni, Sylvanus alikuwa amesimama akiona.

Kwa hiyo asubuhi, vicheko vya nyuma ya jiko vilipopungua, Marsela alimgeukia mtu mmoja tu. "Kelvin. Wewe mtoto wa Kibaoni. Kwenu anayeleta pombe anafanyaje?"

Kelvin akaangalia viatu vyake vilivyong'arishwa. "Mama, hapa siyo Kibaoni."

Alijua, na akanyamaza. Sylvanus alitoka mbali, angeweza kusamehewa ujinga. Huyu je?

Sylvanus akamalizia kwamba hatamfukuza, ana huruma, ila arudi kwenye mashuka. Jua halijatua, habari zilikuwa zimefika Magamba kwa bodaboda, zimenenepa njiani. Dafrosa, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, alimsubiri kwenye kona ya shamba.

"Marsela dada, eti siku hizi unakunywa za wageni mpaka unaanguka mezani?"

"Nani kaanguka?"

"Mimi nauliza tu. Wanasema. Maana wiki ijayo tunapeleka posa ya kijana wangu, na wewe ndiye tuliyetaka ubebe kibuyu, sasa wazee wanaona kwanza..." Hakumaliza. Akaanza kusifia mahindi.

Hapo Marsela alijua hasa alichonyang'anywa. Kazi angepata nyingine, au angelima. Lakini mtu akishasemwa mwizi, funda lake halimhakikishii mtu yeyote chochote.

Haikupita wiki, Sylvanus akamwita ofisini, meno yote nje. Yule bibi alikuwa ameandika mtandaoni kwamba hakuna mahali pengine alipopewa heshima kama ile. Wageni wapya walikuwa wanaiulizia.

"Kwa hiyo mama Marsela, kuanzia leo unarudi mezani. Unaonja mbele yao, kila jioni. Vaa kitenge, na shanga, na kibuyu tutafute. Kelvin atakuwa anawaelezea mila. Itapendeza sana!"

Shanga. Kwao Marsela hakuna aliyewahi kuvaa shanga kuonja pombe.

"Meneja, uliwaambia watu mimi mwizi."

"Ah, hayo yameshapita."

"Yamepita kwako. Kwangu yapo mpaka shambani."

"Nitakuongezea kitu kidogo mwisho wa mwezi."

"Sijaja kuuza. Nyie mliniita mwizi kwa kuonja, leo mnaniita nionje nichekeshe wageni. Waite wote uliowaita siku ile, uwaambie."

"Kesho nitaongea nao."

"Basi na mezani nitarudi kesho."

Kesho yake Sylvanus aliwakusanya nyuma ya jiko. Alikohoa, akasema kuna jambo la juzi juzi ambalo halikueleweka vizuri, sasa limeeleweka, kazi iendelee. Watu wakaanza kutawanyika.

"Hujataja jina," Marsela alisema kwa sauti iliyowasimamisha. "Siku ile ulilitaja. Na neno ulilitaja."

Kelvin, aliyekuwa amebeba kreti, akaliweka chini. "Meneja," alisema bila kuinua macho, "kwetu huku anayeleta ndiye anaonja. Nilipaswa kusema mimi."

Sylvanus akafuta jasho. "Mama Marsela hakuiba," alisema hatimaye. "Siyo mwizi. Nilikosea."

Mlinzi wa getini alikuwa amesikia kila neno. Marsela alihakikisha hilo kwa kumtazama mpaka akaitikia kwa kichwa.

"Sasa jioni utaonja?" Sylvanus aliuliza, akitafuta tena lile tabasamu.

"Nitamimina vile Kelvin alivyonifundisha. Mgeni akiwa na wasiwasi, nitaonja, kwa sababu ya wasiwasi wake. Kitenge na shanga vaa wewe."

Safari hii wapishi walicheka, na hawakumcheka yeye. Marsela hakungoja wamalize. Alikwenda kupangusa glasi, moja moja, akiziinua kwenye mwanga kutazama kama zina alama, na hasira ikiwa bado haijamtoka.