Chipu Iliyoandika Taratibu

Usiku ule nililala na mashine ya Mama Neema kando ya kitanda. Ni sanduku la kutotolesha vifaranga nililolitengeneza kwa mikono yangu. Mchana alikuwa amelirudisha kibandani kwangu.

"We binti, mashine yako ina usahaulifu kama mume wangu!" alisema, na majirani wakacheka. Kila umeme ulipokatika na betri kushika kazi, ilisahau joto nililoiwekea. "Kesho ikisahau tena, nampa fundi mwingine."

Jioni nikaibeba hadi nyumbani.

Nikaota niko darasani. Shangazi Rukia, marehemu, aliyenifundisha ufundi, amesimama ubaoni na bisibisi nyuma ya sikio. Kwenye dawati la mbele ameketi mtoto mweusi, mdogo, mwenye miguu minane, minne kila upande. Namtambua: ni chipu ya kumbukumbu ya mashine yangu, kile kidude kinachotunza namba za joto.

Mimi ndiye ninayesoma imla. Nasoma namba haraka haraka, naye anaandika vizuri. Kisha taa inafifia. Naendelea kwa mwendo uleule. Mtoto anaruka namba, nyingine anaziacha nusu.

"Mjinga huyu," nasema.

Shangazi ananitazama. "Na wewe si walikuita hivyohivyo?"

Nakumbuka. Kwenye imla nilikuwa wa mwisho siku zote, wenzangu wakinigongea madawati. Shangazi ndiye aliyenisomea upya nyumbani, neno moja moja, hadi nikapata zote.

Darasa limekuwa kibanda changu. Shangazi ameshika betri mkononi.

"Umeme ukipungua, mwendo wake nao unapungua," anasema. "Msomee taratibu. Akiandika, mwache amalize. Hatasahau."

Nasoma upya. Mtoto anaandika zote. Shangazi anampigia vema kubwa daftarini, kisha ananigeukia.

"Na wewe pia, mwanangu."

Nikaamka. Hata uso sikunawa. Nikafungua programu ya mashine: mwendo niliouweka wa kuipelekea chipu namba, iliuweza pale tu umeme ulipokuwa wa kutosha. Kwa betri uliizidi. Nikaupunguza hadi robo, na kila baada ya kuandika nikaweka kituo kifupi. Nikachomoa waya wa umeme, betri ishike kazi. Kioo cha namba kikazimika, kikawaka: nyuzi thelathini na saba na nusu. Zilezile nilizoiwekea.

Mama Neema alipofika kibandani, sikungoja aanze.

"Chomoa mwenyewe, Mama," nilisema, na nadhani hata kibanda cha tatu walinisikia.