Natakiwa kulipia picha ya mama yangu

Jamani, leo nimetumiwa wakili kwa sababu ya picha ya mama yangu mzazi.

Sitanii.

Ile picha ya juu kwenye tovuti yangu ya dagaa mnaijua. Mama kainama anaanika dagaa mchangani pale ufukweni Kibirizi, mgongoni kabeba mtoto.

Huyo mtoto ni mimi. Hapo ndiyo kwanza tumefika kutoka Burundi na nguo za mwilini tu. Mpiga picha mgeni akapita, akapiga, akaenda zake. Mama kafa hajaiona. Mimi niliikuta mtandaoni mwaka jana, na sina nyingine.

Asubuhi imeingia barua pepe ya wakili wa kampuni inayouza picha: picha ina mwenyewe, lipa au twende mahakamani. Hela wanayotaka, hata nikiuza dagaa wote na mizani juu, haifiki.

Nikajibu. Nikaanza na shikamoo kabisa. "Huyo ni marehemu mama yangu. Mgongoni ni mimi."

Nilijua wataona aibu. Mjinga mimi!

Mchana wakajibu, tena kwa adabu. Wananipa pole ya msiba. Deni liko palepale. Halafu, kwa kuwa kwao picha imeandikwa "mkimbizi, jina halijulikani", wanaomba niwatajie jina lake wakamilishe kumbukumbu zao.

Picha nimeitoa. Sasa hivi mteja wa Gungu kaniuliza, "Dada, yule mama leo yuko wapi?"

Nimjibu nini? Mwenye kujua mambo haya anisaidie, nimechanganyikiwa.

Picha ni yao, haya. Jina siwapi. Hata hapa siliandiki.